Mafiga Matatu Kwenye Gari la Mahir

Jumapili, 2 Februari 2025

Kwako daftari,

Salamu nyingi sana. Mwalimu Maryanne wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, alitufundisha kuandika barua tu. Mambo ya shajara aliyataja siku moja, mvua ikanyesha, darasa likavunjika. Kwa hivyo naanza nijuavyo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mume wangu Mzee Khatibu hajambo, goti lamsumbua lakini redio yake yashika vizuri, na hilo ndilo alitakalo duniani. Dada yangu Fatma wa Jomvu Kuu hajambo, jana ameoza binti. Nyamvula wa nyumba ya nyuma hajambo. Barke wa ng'ambo ya ukuta hajambo, ajiona yeye ndiye yeye. (Ningefuta hilo lakini kalamu ni ya wino.) Paka hajambo. Kuku watatu hawajambo. Mwanangu Mahir, kule Doha, hajambo. Na gari la Mahir nalo halijambo.

Uongo! Ukurasa wa kwanza tu na nishasema uongo.

Gari bovu. Nimelivunja mimi. Mama mzima, nywele nyeupe, nimevunja gari la mtoto.

Gari lenyewe ni la michezo, jekundu, la zamani, milango miwili, limekaa chini kama sahani. Injini iko nyuma na buti iko mbele, utadhani lilivaa kanzu kinyume. Mahir alilikuta Changamwe limeota kutu, akalitengeneza kwa mikono yake miaka mitatu, kila akija likizo. Alipokuwa akiondoka mara ya mwisho alinitia ufunguo mkononi. Akasema, Mama, baiskeli yangu ulimpa mtoto wa Khala Fatma, nikanyamaza. Njiwa wangu uliwapikia wageni, nikanyamaza. Nakuomba hiki kimoja. Kila Ijumaa liwashe dakika kumi betri isife. Usiliendeshe. Hii ni amana, Mama.

Nikasema nimesikia. Na nilisikia kweli.

Kisha Barke akasema maneno. Mbele ya wanawake wote wa chama chetu cha harusi, ati Mama Mahir yeye tutamwona tu akija Jomvu na sufuria kichwani, desturi yake. Wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa mdomo.

Basi jana nikamwita Nyamvula. Aliwahi kuolewa na dereva wa lori la mchanga, ajua kuendesha. Buti ya mbele tukatia sufuria kubwa la pilau na mafiga yangu matatu ya mawe, maana kwa Fatma mafiga hayakutosha. Buti haikufunga. Tukaifunga kwa kamba. Nyamvula aendesha kama bado ana mchanga nyuma. Tukafika kwenye tuta. Hakupunguza. Krrra! Gurudumu la mbele la kushoto likazama ndani kama kichwa cha kobe. Tukarudi nyumbani mwendo wa jeneza, gari likilia ngwii, ngwii. Barke akatupita kwa tuktuk. Akatupungia leso, mpya.

Harusini nilifika saa ya kuosha vyombo. Sufuria kichwani.

Leo Mahir amepiga simu. Yuaja Jumatano ya tarehe kumi na mbili. Akauliza, Mama, gari? Nikasema halijambo.

Jumatatu, 3 Februari

Mpango! Gereji hapana. Fundi wa hapa Mjambere ni Munga, rafiki wa Mahir wa toka chuoni. Hawezi kuona paka akivuka barabara asimrekodie Mahir akamtumia. Kwa hivyo tutatengeneza wenyewe, hapa uani, mimi na Nyamvula. Nyamvula asema ajua kila kitu. Ati miaka saba alikuwa chini ya lori pamoja na mumewe. Nikamuuliza akifanya nini huko chini. Akasema akimmulikia tochi na kumtukana.

Gari tumelifunika turubai. Mzee Khatibu aliuliza kwa nini. Nikamwambia vumbi. Akanitazama kidogo, akaongeza sauti ya redio.

Tulitazama video kwenye simu. Mzungu mwenye glavu nyeusi afungua nati kwa vidole viwili kama amenya yai. Haongei sana, bahati yetu, maana hata angeongea tusingemwelewa. Tukafuata mikono. Tukalipandisha gari kwa jeki, tukatia spana, tukakaza mwili. Gurudumu likazunguka nasi! Kumbe nati hulegezwa gari likiwa chini. Tukashusha. Nyamvula akapanda juu ya spana kwa miguu miwili akarukaruka kama yuko ngomani. Zikalegea. Tukapandisha tena. Wali wa mchana umeungua. Nimemwambia mzee ni ukoko maalumu.

Jeki nayo yavuja, yashuka kidogo kidogo. Nikaogopa. Nikaleta kinu changu, kile nilichorithi kwa mama mkwe, nikakipindua chini ya gari kulishikilia. Nimekiomba radhi kinu. Mama mkwe nimemwombea dua.

Jumanne, 4 Februari

Nati za ndani zimeshikana na kutu. Nyamvula akatoa matusi ya barabarani. Hazikusikia. Nikaleta chupa ya mafuta ya nazi. Mimi naamini hakuna kigumu kisicholainika kwa mafuta ya nazi. Nywele, bawaba za mlango, goti la mzee. Nikamimina kote. Siafu wote wa Kisauni wakaja. Lakini alasiri, nati ya kwanza, tk! Ikafunguka. Nikapiga kigelegele, nikajiziba mdomo kwa mkono wenye grisi.

Tumekitoa kitu chenyewe. Chaitwa shokabsoba, mti wa chuma umevishwa springi nene toka kiunoni hadi shingoni. Walia mafuta meusi. Halafu kuna mkono wa chini wa chuma, ndani yake mpira uitwao bushi, umechanika kama ndara ya msikitini. Ndiyo maana gari lilikuwa likilia ngwii. Na mimi nalia, lakini mimi kimya.

Bushi mpya itabidi kutwangwa iingie kwenye tundu lake. Ya kutwangia ni kinu. Kinu changu kimebeba gari. Kinu kikubwa kingine jirani ni cha Barke.

Yarabi.

Nilivaa buibui nikaenda. Salamu ndefu. Wardah, binti yake, hajambo, asoma chuo cha uuguzi. Nikasema naomba kinu na mchi. Barke akauliza, cha nini? Nikasema kuna shughuli kidogo. Shughuli gani, Mama Mahir? Nikasema, utasikia. Sijui kwa nini nilisema vile. Ndivyo anavyonijibu yeye kila siku, nami nikataka nione utamu wake. Ni mtamu kweli. Ulidumu mpaka mlangoni.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda Changamwe kwa maduka ya vipuri, mbali na macho. Shokabsoba na springi yake nimeitia kikapuni, juu nikapanga mchicha. Uzito wake kama mtoto wa darasa la pili. Muuzaji aitwa Gedion, kijana wa bara. Nikatoa mchicha fungu moja moja juu ya kaunta yake. Akasema, mathe (ndiyo mama kwao), hapa si soko. Nikatoa shokabsoba. Akaigeuza, akaibonyeza. Kisha akasema, mathe, hii imekufa kitambo, si ya juzi. Nikamwambia ni tuta. Akasema tuta limemaliza tu, hii ilikuwa inaenda. Sikumsikiliza. Mwenye hatia akihurumiwa haamini.

Akanipa shokabsoba mpya, bushi, na kile kibofu cha chuma kiitwacho bolijointi. Akaniuliza kama nataka na za kulia, maana zabadilishwa pamoja. Nikasema ya kulia sikuivunja. Akajikuna. Mwisho akanishika mkono wa buibui, kwa heshima lakini kwa nguvu. Mathe, tafadhali, hii nati ya katikati hapa juu usiguse kabla fundi hajabana springi kwa mashine yake. Ikifyatuka inaua mtu. Mwambie fundi. Nikasema nitamwambia.

Nimemwambia fundi. Nyamvula asema vijana wa bara ni waoga.

Alhamisi, 6 Februari

Nitaandika upesi.

Springi ya zamani yatakiwa kuvuliwa ivishwe shokabsoba mpya, na mashine ya kubania springi hatuna. Nyamvula akasema tuifunge. Tukaifunga kwa kamba ya usumba, ile ya kuwambia vitanda, mizunguko kumi na miwili. Juu yake nikafunga leso, nzito, mpya, fundo la mkunga. Tukaisimamisha ndani ya kinu cha Barke isiyumbe, mdomo juu. Nikasoma bismillahi. Nyamvula akatia spana kwenye nati ya katikati. Akazungusha. Akazungusha. Nikamwambia mbona kamba yalia? Akasema dada, acha woga, yajinyoosha tu.

Kinu kiligeuka mzinga.

Sikuona kitu. Nilisikia tu upepo mbele ya pua yangu, na leso yangu ikapanda juu ya paa, juu ya mnazi wa Barke, ikakaa huko ikipepea kama bendera ya meli. Springi ikavuka ukuta. Kimya. Nikahesabu watu wangu. Nyamvula mzima. Mimi mzima. Paka simwoni. Kisha, upande wa pili, kishindo cha bati, na sauti ya Barke: Nani huyo ananipiga mawe, na mahamri yangu yamo juani yaumuka?

Nilimwambia Nyamvula aende. Akasema yeye si wa ukoo. Nikaenda mimi. Springi ilikuwa imelala katikati ya sinia la mahamri. Mahamri kama thelathini yamekuwa chapati. Wardah amesimama mlangoni, mkono mdomoni, mabega yatikisika. Barke akauliza hiki ni kitu gani? Na mimi, mama wa miaka hamsini na nane, nikafungua mdomo nikasema: springi ya kitanda.

Barke akainyanyua kwa mikono miwili. Akaipima. Akasema, kitanda gani hiki, Mama Mahir, chalaliwa na ndovu? Nikasema kitanda kipya. Kizito. Akanitazama. Akatazama ukuta, nyuma yake kinu alichoniazima. Akatazama tena springi. Kisha uso ukambadilika, akatabasamu. Barke! Kunitabasamia mimi! Akasema, haya, mashallah, mahamri si kitu, chukua.

Nimerudi na springi na mahamri bapa sita. Sikuelewa alichotabasamia. Sasa hivi, nikiandika, naanza kuelewa. Toba.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya kuliwasha gari. Limesimama mguu mmoja juu ya kinu lakini injini iko nyuma, haina habari ya mbele. Mahir akasema leo nirekodi mlio nimtumie, ameukumbuka. Nyamvula akawasha, nikarekodi. Akanijibu kwa sauti: Asante, Mama. Nasikia unalitunza. Wallahi wewe ndiye pekee ninayeweza kumwachia. Nimeisikiliza mara nne. Mara ya nne nimetoka nje kwenda kukaa na kuku.

Baada ya swala tukaanza kutwanga bushi. Chuma kwenye kinu, bushi juu ya tundu, kibao juu ya bushi, halafu mchi. Nimeitumbukiza kwanza kwenye mafuta ya nazi usiku kucha ilainike. Puu! Puu! Mimi na Nyamvula tukipokezana, mchi mmoja juu, pumzi moja chini, kama tunatwanga bizari ya harusi.

Kama tunatwanga bizari ya harusi!

Hapa kwetu kinu kikilia nyumba moja zaidi ya nusu saa, mtaa wajua pana arusi. Na Barke alikuwa ameshapita kila mlango. Kinu kimeazimwa. Kitanda cha springi kimenunuliwa. Mahir yuaja Jumatano. Mama yake ameulizwa, amesema utasikia. Alasiri mlango ukagongwa. Wanawake sita wa chama, michi mabegani, vigelegele, na mbele yao Barke na udi. Tumekuja kukusaidia kutwanga, mwenzetu, mbona ulitaka kufanya siri?

Nyamvula alikuwa ameshatupa turubai juu ya kila kitu, akakaa juu yake. Nilisimama na mchi mkononi, mikono meusi hadi viwiko. Mmoja akaniuliza ni hina ya aina gani. Nikasema ya Doha.

Ningeweza kusema kweli hapo hapo. Ilikuwa neno moja tu, gari. Nililiona limekaa kwenye ulimi. Lakini nilimwona Barke, na tuktuk, na leso ikipungwa. Akaniinamia sikioni akasema, Mama Mahir, mbali si kwema, mchumba wa karibu ndiye mchumba, au sivyo? Na macho yake yakaenda ukutani, upande wa Wardah.

Nikasema, inshallah.

Hiyo inshallah ndiyo inayonichoma. Nimelitia jina la Mungu kinywani kufunika shokabsoba.

Jumamosi, 8 Februari

Bushi imeingia, yang'aa, imenyooka. Hilo nalisema kwa fahari maana ni kitu pekee. Paka amerudi. Ailamba.

Springi ya zamani juu ya shokabsoba mpya tumeibana safari hii kwa jeki, tukaitia kati ya sakafu na boriti ya mlango wa bafu la nje. Ikabanwa. Boriti ikasema kkk. Nikatia nati upesi kabla nyumba haijashuka. Bafu sasa lina ufa. Nimetundika kalenda.

Tukarudisha kila kitu mahali pake. Zimebaki bolti mbili na pete moja ya chuma. Nyamvula asema hizo ni za akiba, magari yote huja nazo. Nimezitia kwenye kopo la karafuu nisiwe naziona.

Baada ya alasiri nilikwenda kumrudishia Barke kinu. Akakataa. Ati kikae, bado kutakuwa na kazi, na tena sasa vyetu ni vimoja. Akanitilia kahawa. Barke, kahawa, mimi! Wardah alipita akanisalimu shikamoo kwa sauti ya chini, macho chini. Nikadhani ni haya ya biarusi. Nikazidi kuona aibu.

Niliporudi nilimkuta Mzee Khatibu amesimama karibu na turubai. Akaniambia alikuwa akitafuta spana ya redio. Redio haina spana.

Jumatatu, 10 Februari

Tumeliteremsha chini. Kinu cha mama mkwe kimetoka kizima, na shimo la bolti pembeni.

Gari limeinama! Kulia limekaa chini kama zamani, kushoto limeinuka, latazama juu kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Kushoto mpya, kulia kuukuu. Sasa nakumbuka maneno ya Gedion. Nyamvula asema likikaa siku mbili litazoea. Siku mbili ndizo nilizonazo.

Nikafikiri. Nikafungua buti ya mbele. Mafiga yangu matatu yangali humo toka siku ile. Nikayasogeza yote upande wa kushoto. Gari likashuka. Taratiibu. Sawa kabisa! Nikaweka na glasi ya maji juu ya bodi kupima. Maji hayakuinama.

Nimekaa nikalitazama. Zuri. Nikampigia Nyamvula kigelegele, safari hii sikujiziba.

Jumatano, 12 Februari

Sina uso. Nitaandika nilivyoona tu.

Mahir amefika saa nne asubuhi. Amekonda. Amenikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Kabla ya chai akafungua sanduku kubwa, kubwa kuliko lile la nguo. Akasema Mama, njoo uone nimeleta nini. Ndani mmefungwa kwa makaratasi shokabsoba mbili, bushi nne, bolijointi mbili, na mashine ya kubania springi. Za mbele, kushoto na kulia. Akasema zile zilizomo garini zilikuwa zimekwisha toka mwaka juzi, ndiyo maana nilikwambia usiliendeshe. Sikutaka kukutia wasiwasi.

Mimi nikasema, chai yapoa.

Akaenda kwa gari. Nikamfuata. Alinusa. Akasema, mbona lanukia pilau na nazi? Akafungua buti. Mafiga matatu, na masizi yake, yamejipanga kushoto kama wazee barazani. Akayatazama. Akanitazama. Akayatoa moja baada ya moja akayaweka chini, na gari likainuka upande mbele ya macho yake. Taratiibu.

Wakati huohuo, vigelegele mlangoni! Barke na wenzake, na sinia la mahamri, mazuri, yaliyoumuka. Karibu, bwana arusi! Mahir akasema, nani? Akiwa ameshika figa.

Nikasema mwanangu yuna usingizi wa ndege. Nikawafungia mlango. Mimi, nimewafungia wageni mlango na sinia lao mkononi.

Alilala chini ya gari muda mrefu. Aliona kila kitu, na sauti yake ikitoka chini kwa chini. Mama, bushi hii nani ametwanga? Nikasema mimi. Akasema imenyooka kuliko zote alizopata kuona, Munga mwenyewe hawezi. Nikaanza kufurahi. Kisha akauliza bolti mbili za mkono wa chini ziko wapi. Nikaleta kopo la karafuu.

Akatoka. Akakaa mchangani. Amekuwa mweupe. Akasema bolti hizi zikikosa, gurudumu laondoka njiani. Akasema Mama, ningerudi kukuzika. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikalia pale pale, nikamwambia yote, Jomvu, tuta, springi, mahamri, kitanda, inshallah. Akasikiliza. Mwisho akaniuliza, wajua kwa nini nilikwambia uliwashe kila Ijumaa? Nikasema betri. Akasema betri yatolewa waya mmoja, yakaa mwaka. Ni kwa sababu kila Ijumaa ulikuwa ukinipigia kuniambia umeliwasha.

Nikainuka nikampashia chai.

Mzee Khatibu naye, kutoka barazani, bila kuzima redio: ati nati za magurudumu zilikuwa zimekazwa kwa vidole tu, yeye ndiye aliyezikaza Jumamosi. Alikuwa ajua toka siku ya ukoko maalumu.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi nimebeba kinu cha Barke mwenyewe, kichwani, nimekiosha kwa majivu na ndimu. Nimekwenda kusema kweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, ingawa njia ni hatua ishirini.

Barke hakuniacha niseme. Alinivuta ndani, akafunga dirisha, akaanza kulia. Barke! Ati Wardah amekataa. Ati Mahir ni kama kaka yake, ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli, ile niliyoigawa, na yeye amaliza masomo kwanza. Na Barke ameshawaambia watu wote, hata fundi wa nguo ameshapima. Nitauweka wapi uso huu, Mama Mahir? Wewe umeshatwanga. Umeshanunua kitanda.

Nikamwambia hakuna kitanda. Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye springi akatazama dari. Nikangoja anipige na mchi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, na mimi nilijua ni ya gari, nilikuona kwenye tuta, lakini nilitaka sana iwe kitanda.

Tukakaa. Akaniuliza tuwaambie nini watu. Nikasema useme ni sisi tuliorudi nyuma, useme Mama Mahir hana msimamo. Aibu ninayo nyingi, moja zaidi haitaonekana. Akanishika mkono. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa mkono.

Mchana nimemsaidia Mahir kubadilisha za kulia na kurudia za kushoto. Amenifundisha. Nati hulegezwa gari likiwa chini. Springi hubanwa kwa mashine. Bolti zote hurudi. Bushi yangu ya kushoto hakuitoa. Ameiosha mafuta, akasema hii ibaki.

Jioni amenipa ufunguo. Yeye aenda Likoni kwa rafiki zake mpaka Jumapili. Amenikunjia vidole juu yake. Amana ileile, Mama. Nikasema nimesikia.

Jumamosi, 15 Februari

Kwako daftari,

Baada ya salamu. Mimi mzima. Mzee Khatibu hajambo, yuko msikitini. Nyamvula hajambo. Barke hajambo, yuko hapa nami uani, amevaa miwani ya jua ya Wardah. Gari halijambo, na safari hii si uongo, mbele limekaa sawa bila figa hata moja.

Jambo lenyewe ni hili. Masufuria ya chama yako kwa Fatma, Jomvu Kuu, toka harusi. Yafaa yarudi leo. Sufuria tu! Matupu! Sufuria tupu halina uzito. Na wanawake wa chama watakuwa pale, wale waliocheka, na Barke asema tukiingia mimi na yeye pamoja, ndani ya gari jekundu, tumekaa bega kwa bega, hakuna atakayeuliza tena habari ya arusi. Ni kweli. Nimeipima pande zote.

Viti ni viwili na sisi watatu, lakini Barke atanikalia. Mafiga nimechukua mawili tu, ya kupikia chai huko, kwa sababu Fatma ana moja.

Kwa tuta tutapunguza. Nyamvula ameapa.

Mwalimu Maryanne alisema barua haifungwi bila kuomba jibu. Basi daftari langu, ukiwa na neno la kunizuia, nijibu upesi upesi. Nyamvula ameshaliwasha.